Kutikisa Godoro: Mashine za Mtetemo na Vishimo vya Mapajani

Mashine yenyewe ni jukwaa lisilozidi ukubwa wa sinia la pilau, limeinuka kiganja kimoja kutoka sakafuni, na mbele lina nguzo yenye vitufe. Unavua viatu, unapanda, unakunja magoti kidogo, mkufunzi anabonyeza namba 30. Sekunde ya kwanza meno yanagongana. Dakika ya pili mapaja yanawasha kama yamepitiwa na upupu. Ukishuka baada ya dakika kumi ngozi ina joto, miguu ni myepesi, na uko tayari kuapa kwamba huko ndani kuna kitu kimetokea.

Nilipanda ya kwangu katika ukumbi mmoja wa mazoezi jijini Dar es Salaam, baada ya kusoma bango lililosema mashine hiyo “inavunjavunja mafuta na kuondoa selulaiti”. Aliyekuwa akisubiri zamu nyuma yangu, mama wa makamo aliyejifunga khanga juu ya suruali ya mazoezi, alimgeukia mkufunzi. “Mwanangu, hayo mafuta yakishavunjika yanatokea wapi?” Kijana akacheka, akasema, “Yanatoka na jasho, mama.” Mama akajipangusa shingoni, akautazama mkono wake. Ulikuwa mkavu. Akapanda hivyo hivyo, maana alishalipa.

Yule mama alistahili jibu refu kuliko lile, na makala haya ni jaribio la kumpa.

Kinachozungumzwa ni vile vishimo na vinundu vinavyojitokeza kwenye mapaja na makalio ya mwanamke, hasa akisimama chini ya taa au akibana ngozi kwa vidole viwili. Tusivichanganye na michirizi, ambayo ni makovu ya ngozi kuvutika. Sikumbuki bibi zetu wakiwa na neno la vishimo hivi. Wauza vipodozi wameleta “selulaiti”, na wengine husema ngozi ya chungwa. Mfano huo haukosei: lichukue chungwa la Muheza, lenye ganda la kijani lililojaa vitundu, ndiyo sura yenyewe.

Ili kuelewa vishimo vinatoka wapi, fikiria godoro la sufi, lile la fundi wa mtaani. Fundi akishajaza sufi huchukua sindano ndefu, akapitisha uzi kutoka juu hadi chini, akaukaza na kufunga fundo. Kila penye fundo panabonyea; kila pasipo na fundo sufi inatuna. Paja la mwanamke limeshonwa karibu hivyo. Chini ya ngozi kuna vifuko vya mafuta, na kati ya vifuko hivyo zinapita kamba nyembamba za kolajeni zinazoishikilia ngozi kwenye utando wa chini. Kwa wanawake kamba nyingi zimesimama wima, kwa hiyo mafuta yanapata nafasi ya kusukuma kwenda juu huku kamba ikiivuta ngozi chini. Kwa wanaume kamba hizo hupishana mshazari kama wavu, mafuta yanabanwa, na ngozi ya juu ni nene zaidi.

Hayo yaliandikwa na Wajerumani wawili, Nürnberger na Müller, mwaka 1978, katika utafiti ambao kichwa chake chenyewe kiliiita selulaiti ugonjwa uliobuniwa. Mwaka 2009 Doris Hexsel, daktari wa ngozi wa Brazil, na wenzake waliwapiga wanawake picha za sumaku kwenye makalio ili waone kilicho chini ya vishimo. Katika zaidi ya asilimia 96 ya vishimo walivyovipima waliikuta kamba ipo pale pale, na nyingi zilikuwa wima. Madaktari wa ngozi hukadiria kuwa asilimia 80 hadi 90 ya wanawake waliokwisha kubalehe wana hali hii kwa kiwango fulani, wembamba kwa wanene. Unene unaikuza, kwa sababu sufi inazidi ndani ya godoro lilelile, lakini kukonda hakumfungui mtu nyuzi. Jambo linalowapata wanawake nane au tisa kati ya kumi ni gumu kuliita maradhi. Ni alama ya jinsia, kama nyonga pana.

Basi lilipataje kuwa maradhi? Neno ni la Kifaransa, na katika vitabu vya utabibu vya karne ya 19 lilihusu uvimbe wa tishu, si urembo. Katika miaka ya 1930 majarida ya wanawake ya Paris yalikwisha kulichukua na kulifanya adui wa umbo. Marekani haikulijua sana mpaka Aprili 1968, jarida la Vogue lilipolitangaza kama jina jipya la mafuta ambayo mwanamke hakuwahi kufanikiwa kuyaondoa. Mwaka 1973 Nicole Ronsard, aliyekuwa na saluni New York, alitoa kitabu kizima juu yake na kikauzwa sana. Mapaja hayakubadilika kati ya 1967 na 1973. Kilichobadilika ni kwamba sasa yalikuwa na jina, na chenye jina la ugonjwa hutafutiwa dawa.

Pwani yetu mwili wa mwanamke ulitunzwa kwa singo na liwa. Bi harusi alisingwa ngozi mpaka ikalainika, akapakwa, akafukizwa, na unene wake ulikuwa habari njema kwa ukoo. Sisemi kwamba wakati huo hapakuwa na mateso ya urembo, yalikuwepo tele. Nasema tu kwamba somo aliyemfunda mwari hakumkagua vishimo vya mapaja. Na ikiwa kutikisika ndiyo dawa, waliokulia kwenye baikoko, ngoma ya Tanga inayochezwa kwa kiuno na makalio mpaka alfajiri, wasingekuwa na kishimo hata kimoja. Waulizwe.

Mtetemo nao una historia yake, ndefu kuliko ya selulaiti. Mwaka 1865 daktari Msweden Gustav Zander alifungua Stockholm taasisi ya mashine za mazoezi. Nyingine zilikuvuta misuli, nyingine zilikupigapiga, nyingine zilikutetemesha. Mashine zake zilisambaa Ulaya na Marekani. Huko Michigan, John Harvey Kellogg, ndugu wa yule wa chakula cha asubuhi, aliwakalisha wagonjwa wake kwenye viti vya kutetemeka. Katikati ya karne ya 20 ukaja mkanda: mwanamke anauzungusha kiunoni, anawasha mota, anasimama akitikiswa huku akisoma gazeti. Ahadi ilikuwa ileile ya bango la Dar es Salaam, na mikanda ile leo imebaki ya kuchekewa kwenye filamu za zamani.

Jukwaa la sasa lina ukoo wa heshima zaidi. Katika miaka ya 1980 Vladimir Nazarov, mtaalamu wa Kisovieti, aliutumia mtetemo kuwaandaa wanamichezo, na baada yake Mtaliano Carmelo Bosco akaupima kwenye misuli. Wazo ni hili: msuli ukivutwa ghafla hujikaza wenyewe, bila wewe kuuamuru. Ukitetemeshwa mara 30 kwa sekunde, misuli ya mapaja inajikaza na kulegea kwa kasi ambayo usingeiweza kwa hiari yako. Hapo kuna kazi ya kweli. Kwa mtu aliyetoka kuugua au mzee asiyeweza kuchuchumaa, kazi hiyo inaweza kuongeza nguvu ya miguu kidogo.

Wauzaji hupenda pia kuwataja wanasayansi wa mifupa. Mwaka 2001 Clinton Rubin wa New York alichapisha matokeo ya kondoo waliosimamishwa kila siku ya kazi, dakika 20, kwa mwaka mzima, kwenye jukwaa linalotetemeka mara 30 kwa sekunde. Uzito wa mfupa wa ndani wa paja uliongezeka kwa takriban asilimia 34. Mwaka 2007 kundi lake likaonyesha kwamba panya wachanga waliotetemeshwa walikua na mafuta kidogo kuliko wenzao, kama robo pungufu. Ni kazi nzuri. Lakini isome vizuri. Mtetemo wa Rubin ulikuwa hafifu, chini ya theluthi moja ya nguvu ya mvutano wa dunia, kiasi kwamba mtu akisimama juu yake huuhisi kwa shida. Jukwaa la ukumbini linalopanda milimita 2 na kushuka milimita 2, mara 30 kwa sekunde, linafikisha nguvu karibu mara saba ya mvutano wa dunia. Hivyo si kitu kimoja. Na wale panya hawakuvunjiwa mafuta yoyote: chembe zao changa zilichukua mkondo mwingine badala ya kuwa chembe za mafuta. Kisha mwaka 2011 watafiti wa Toronto waliwajaribu wanawake 202 waliokoma hedhi kwa mtetemo hafifu wa namna hiyo, miezi 12, na mifupa haikunufaika. Mwanamke si kondoo.

Sasa turudi kwenye “kuvunjavunja”. Mafuta mwilini hayakai kama donge la samli linaloweza kupondwa. Yamo ndani ya chembe hai, na hutoka humo mwili unapohitaji nguvu: homoni zinaamuru, mafuta yanachambuliwa, yanaingia kwenye damu, yanachomwa na misuli, na sehemu kubwa ya kinachobaki unaitoa kwa pumzi. Ndiyo, kwa pumzi, si kwa jasho. Dakika kumi za kutetemeka huku umesimama hazichomi zaidi ya matembezi mafupi ya kwenda dukani. Tafiti zilizokusanywa pamoja kuhusu mtetemo na mafuta ya mwili huonyesha punguzo dogo, ambalo mtu hawezi kuliona kwenye kioo. Na hata likitokea, halichagui paja. Mafuta hayatoki mahali unapopatikisa kwa kuwa umepatikisa.

Lakini je, mbona kuna wanawake wanaoapa kwamba imewasaidia? Hawadanganyi. Mtetemo unasukuma maji yaliyotuama kwenye tishu na unafungua mishipa midogo ya damu, ndiyo maana ngozi inapata joto na kuwasha. Paja lililokuwa limejaa maji linapungua kidogo mzunguko, ngozi inakaza, na vishimo vinaonekana vifupi kwa saa kadhaa, pengine siku moja mbili. Ukipimwa kwa futi ya fundi cherehani saa hiyo, namba itashuka kweli. Wiki ya hedhi, chumvi ya chakula cha jana na safari ndefu ya basi nazo hubadilisha namba hiyohiyo.

Halafu kuna taa. Hili nililijaribu nyumbani. Nilisimama chini ya balbu ya dari, nikapiga picha ya paja langu kwa simu: mabonde na vilima. Nikageuka kuelekea dirishani, mwanga wa asubuhi ukinipiga kwa mbele, nikapiga tena. Dakika mbili, paja lilelile, na nilikuwa nimepona. Mwanga wa juu hujaza kila kishimo kivuli. Mwanga wa mbele hukifuta. Tangu siku hiyo kila nikionyeshwa picha za “kabla” na “baada”, kwanza naangalia kivuli kimelalia upande gani.

Ndiyo maana utafiti wa jambo hili ni mgumu, na ndiyo maana mwingi ni dhaifu. Ujerumani na Poland zimefanyika tafiti za mtetemo na selulaiti, za jukwaa na za vitanda vinavyotetemesha miguu, na zilitoa matokeo ya kupendeza. Lakini washiriki ni makumi, muda ni wiki au miezi michache, na mara nyingi hakuna kundi lililopandishwa mashine isiyofanya kazi ili kuonekana imani peke yake inaleta nini. Ukimlinganisha aliyetetemeshwa ameketi na aliyetetemeshwa amelala, unaweza kujua mkao upi ni bora. Hujui kama mtetemo wenyewe una maana.

Pale vipimo vilipokazwa, mambo yalikuwa magumu. Mwaka 1999 Collis na wenzake walitoa matokeo ya wanawake 52 waliofuatiliwa wiki 12, kwa mashine ya Kifaransa inayovuta na kukanda ngozi kwa rola, iliyokuwa ikivuma wakati huo, na kwa krimu. Paja moja la mwanamke lilitumika kulipimia jingine. Vipimo vya mzunguko na vya unene wa mafuta havikuonyesha tofauti ya maana, na kati ya miguu 35 iliyokandwa na mashine, 10 tu ndiyo wenyewe walisema imekuwa bora. Kumbuka kwamba mashine hiyo ilikuwa imeruhusiwa Marekani mwaka mmoja kabla, kwa maneno yaliyopimwa sana: kupunguza kwa muda mwonekano wa selulaiti. Neno “kwa muda” huwa halifiki kwenye bango.

Utafiti mmoja ulio upande wa wauzaji unastahili kutajwa kwa haki, kwa sababu ulifanywa vizuri. Mwaka 2013 Karsten Knobloch wa Hannover alichapisha jaribio la wanawake 53. Wote walipewa mazoezi ya makalio. Nusu wakapigwa mawimbi ya mshindo, yale yanayotumika pia kwenye visigino vinavyouma, mara sita, na nusu wakapigwa mawimbi ya bandia. Kwenye kipimo cha picha, waliopata mawimbi ya kweli walishuka kutoka alama 10.9 hadi 8.3. Waliobaki na mazoezi peke yake walitoka 10.0 wakafika 10.1. Ni nafuu ya kweli, si ya kupona: kutoka vishimo vingi hadi vishimo vichache zaidi. Na mawimbi ya mshindo si jukwaa la kusimamia. Ni pigo fupi kali linaloelekezwa mahali pamoja. Mkufunzi anayetumia utafiti huo kuuza jukwaa lake anauza mbuzi kwa picha ya ng’ombe. Mimi lakini kilichonigusa zaidi ni lile kundi la pili. Majuma 12 ya mazoezi ya makalio, na vishimo havikutikisika. Wakufunzi wa mazoezi nao waache kutuahidi.

Kama tatizo ni uzi wa godoro, mwenye akili atauliza: kwa nini tusiukate? Wameukata. Hexsel mwenyewe alieleza mwaka 2000 jinsi ya kupitisha sindano yenye makali chini ya ngozi iliyotiwa ganzi na kuikata kamba chini ya kila kishimo. Mwaka 2015 Marekani iliruhusu kifaa kinachofanya kazi hiyo kwa kina kilichopimwa, na vishimo vilivyokatwa vilibaki vimeinuka kwa miaka, si kwa siku. Njia ya pili ilikuwa sindano ya kimeng’enya kinachoyeyusha kolajeni, iliyouzwa kwa jina la QWO. Iliidhinishwa Julai 2020. Desemba 2022 kampuni iliyoitengeneza ikatangaza kuacha kuizalisha, kwa sababu ya michubuko mikubwa na madoa ya rangi yaliyokaa muda mrefu kwenye ngozi. Sisi wenye ngozi nyeusi, ambayo hata chunusi huiachia doa la miezi, tunajua uzito wa sentensi hiyo. Kwa hiyo njia iliyo na ushahidi bora ni ya kisu kidogo, ganzi na daktari, na inashughulikia vishimo vilivyo wazi, si mawimbi ya ngozi iliyolegea.

Jukwaa la mtetemo nalo si mchezo wa watoto. Ulaya ilipitisha mwaka 2002 sheria ya kuwalinda madereva wa malori na matrekta dhidi ya mtetemo wa mwili mzima, kwa sababu miaka mingi ya kutikiswa kwenye kiti huharibu uti wa mgongo. Dakika kumi za ukumbini si zamu ya muda wa saa nane, sawa, lakini jukwaa lenye nguvu huzidi kwa mbali kile anachokipata dereva kwa dakika hizohizo. Mjamzito asipande. Wala mwenye kifaa cha kuendesha moyo, kifafa, mawe kwenye figo au nyongo, mgongo wenye hitilafu, upasuaji wa karibuni, au damu iliyowahi kuganda mguuni. Ukumbi nilioingia haukuniuliza hata moja kati ya hayo. Uliniuliza kama nalipa taslimu au kwa simu.

Kuna jambo la kwetu hasa ambalo mabango ya kuigiza hayalijui. Mguu unaotuna pwani hii unaweza kuwa matende, yanayoletwa na minyoo inayosambazwa na mbu. Mguu uliovimba upande mmoja, wa moto, unaouma, unaweza kuwa damu iliyoganda au selulaitisi, maambukizi ya bakteria ambayo si selulaiti, ingawa majina yanakaribiana. Mguu wa namna hiyo haupandishwi jukwaani. Unapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Kwa anayeandika bango, mashine inayodaiwa kutibu ni kifaa tiba. Tanzania mambo ya vifaa tiba yako chini ya TMDA, na Kenya chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Una haki ya kumuuliza mwenye ukumbi kama mashine yake imesajiliwa kwa dai lililo ukutani. Akisema ni ya mazoezi tu, mwambie alibandue bango.

Hukumu yangu basi ni hii. Anayetaka miguu yenye nguvu na hana maradhi niliyoyataja, apande, hapotezi kitu. Anayetaka kuonekana laini kwenye sherehe ya Jumamosi, Ijumaa jioni inaweza kumpa siku yake moja. Anayetaka vishimo viondoke, abaki na pesa yake.

Mwezi uliopita nilimkuta tena yule mama, khanga nyingine, foleni ileile. Hakuuliza tena mafuta yanatokea wapi. Anapanda mara tatu kwa wiki, dakika kumi, kwa ajili ya magoti yake, na anasema ngazi za ghorofani kwa bintiye sasa anazipanda bila kushika ukuta. Bango bado lipo.